Mathias Kiwanuka: Kuteleza Si Kuanguka

Katika viwanja vya Bugembe na Jinja, vijana hucheza kandanda, na wengine hucheza raga, ule mpira wenye umbo la yai. Yafaa vijana hao, pamoja na wazazi wao, wazijue habari za mjukuu wa Uganda aliyejipatia riziki na heshima ng'ambo kwa mpira unaofanana na huo.

Mathias Kiwanuka alizaliwa mwaka 1983 katika mji wa Indianapolis, Marekani. Babu yake ni marehemu Benedicto Kiwanuka, aliyehudumu jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, akasomea sheria, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962, na hatimaye Jaji Mkuu mwaka 1971. Mnamo tarehe 21 Septemba, 1972, watu wa serikali ya Idi Amin walimkamata mahakamani, naye akauawa.

Mjukuu huyo alikuwa hodari wa mpira wa Kimarekani, mchezo ambao huchezwa pia Kanada kwa sheria zilizo tofauti kidogo. Katika mchezo huo kila timu ina kwotabeki, yaani kiongozi wa mashambulizi, ambaye hupokea mpira na kuamua ama kuurusha, ama kumkabidhi mwenzake, ama kukimbia nao mwenyewe. Kazi ya Kiwanuka ilikuwa kumwinda kiongozi huyo na kumwangusha kabla hajaurusha. Lakini sheria yamlinda kwotabeki: akiisha kuuachilia mpira, anayemwangusha huadhibiwa pamoja na timu yake.

Mwaka 2006 Kiwanuka aliajiriwa na timu ya New York Giants. Tarehe 26 Novemba ya mwaka huo, timu yake ilikuwa Nashville, ikiongoza kwa pointi 21 kwa 0 hadi robo ya mwisho ya mchezo. Wenyeji, Tennessee Titans, walianza kupunguza pengo. Walipofikia jaribio lao la mwisho, Kiwanuka alimkamata barabara kwotabeki wao, Vince Young. Akidhani kwamba mpira umekwisha kurushwa, na akichelea adhabu, alimwachilia. Kumbe mpira ulikuwa bado mikononi! Young alikimbia, Titans wakasawazisha, na mwishowe wakashinda kwa pointi 24 kwa 21.

Kosa hilo lilionwa na taifa zima. Kijana mwingine angalivunjika moyo. Kiwanuka alirudi mazoezini. Mwaka 2007 alihamishiwa nafasi nyingine uwanjani, akajifunza kazi mpya. Mwezi Novemba mwaka huo alivunjika mguu, hata wenzake wakatwaa ubingwa Februari 2008 naye hawezi kucheza. Mwaka 2010 aliumia shingo, akakosa sehemu kubwa ya msimu. Hata hivyo alirejea tena, na tarehe 5 Februari, 2012, Giants waliwashinda New England Patriots kwa pointi 21 kwa 17, wakawa mabingwa. Safari hii Kiwanuka alikuwa uwanjani, na mchezo wenyewe ulichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa. Aliichezea timu hiyo hadi msimu wa 2014.

Askari na polisi wanalo la kujifunza hapa, maana nao hufanya kazi ya nguvu ndani ya mipaka ya sheria. Sheria haikumwamuru Kiwanuka amwachilie mwenye mpira. Ilimkataza tu kumwangusha asiyekuwa nao. Hofu ya adhabu ilitangulia macho yake. Anayeijua sheria barabara hadhulumu mtu, wala haachi wajibu wake nusu njia.

Na wazazi nao wasimcheke mtoto aliyekosa mbele ya watu. Wampe nafasi ya kurudi kiwanjani kesho yake, kwani kuteleza si kuanguka.