Homa Ipi?

Mnamo 2023 watafiti waliripoti kwamba programu ya ChatGPT ilifikia, au ilikaribia kufikia, alama za kufaulu mitihani ya leseni ya udaktari nchini Marekani. Si haba. Ila katika mitihani hiyo dalili zimekwisha kupangwa na mtungaji, tena kwa Kiingereza sanifu. Mama wa Waithaka aingiapo zahanati husema tu, "Mtoto ana homa." Je, ni mafua, au ni joto la mwili lililopanda? Neno hilo hubeba yote mawili, na muuguzi hana budi kuuliza tena. Mkusanyo wa AfriMed-QA wa 2024, wenye maswali yapatayo 15,000 kutoka nchi 16 za Afrika, ni hatua njema. Nao pia ni wa Kiingereza. Walimu wenzangu, wa lugha na wa tiba, karatasi ya Kiswahili tutaitunga lini?