UANDISHI WA ANWANI KATIKA BARUA
Watumishi na wananchi wanakumbushwa kuandika anwani kwa mpangilio mmoja: jina, nyumba na mtaa, kata, wilaya, kisha mkoa. Mkazi wa Gulwe ataje pia Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma. S.L.P. isiandikwe bila jina la mji, kwani nambari hiyohiyo yapatikana katika miji mingi.

Postikodi ina tarakimu 5: ya kwanza ni ya kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho kata. Ikikosewa moja tu, barua ya mafao ya mstaafu yaweza kupelekwa kata nyingine.

Katika nambari ya simu, +255 hushika nafasi ya 0 ya mwanzo. Zisiandikwe zote mbili.