Sakafu Haidanganywi

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, akiisha kuupita mji wa Kibaha, hufika Misugusugu. Malori yaendayo Zambia, Kongo na Rwanda hupita hapo usiku na mchana, na katika Mkoa huu wa Pwani maghala na viwanda vimezidi kuongezeka. Wengi wetu tukikitazama kiwanda huyatazama mapaa na mitambo yake. Ni wachache wainamao kuitazama sakafu. Walakini sakafu ndiyo ibebayo mitambo, mizigo na miguu ya wafanyakazi, na ikiharibika, kazi yote husimama.

Zege tupu laonekana gumu kama jabali, kumbe ndani yake mna vitundu vidogo visivyohesabika. Hunywa mafuta, hunywa tindikali, na likikanyagwa sana hutoa vumbi. Vumbi hilo likiingia katika unga, dawa au maziwa, ni hasara kwa mwenye kiwanda na hatari kwa mlaji. Ndiyo maana viwanda vingi siku hizi hupaka juu ya zege rangi ya epoksi.

Yafaa tuelewe kwamba epoksi si rangi kama zile tupakazo ukutani. Asili yake ni kazi ya wataalamu wawili, Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani, waliofanya utafiti wao katika miaka ya 1930 na 1940. Huja katika makopo mawili: moja lina resini, la pili lina kigumisho. Vikichanganywa, havikauki kwa kupeperuka maji kama rangi nyingine, bali huungana na kuwa kitu kimoja kigumu. Basi kipimo kilichoandikwa kwenye kopo ni amri. Fundi akikadiria kwa jicho, kigumisho kikapungua au kikazidi, sakafu itabaki inanata au itakuwa dhaifu, na hakuna dawa ila kuikwangua yote na kuanza upya.

Lakini adui mkubwa wa sakafu hii si kipimo kibaya. Adui ni haraka. Mwenye jengo amekwisha kutangaza siku ya ufunguzi, mitambo imekwisha kufika, na fundi anaambiwa apake leo. Anapaka, sakafu inang'aa kama kioo, na wageni wanaisifu. Miezi michache ikipita, malengelenge yanatokea, kisha rangi inabanduka vipande vipande. Hapo watu husema rangi ilikuwa mbovu. La hasha! Mara nyingi rangi haikuwa na kosa. Ilipakwa juu ya zege lililokuwa bado na maji.

Zege jipya hungojwa siku 28 kabla ya kupakwa, na hata zikitimia, si lazima liwe limekauka. Kama chini yake haikutandikwa karatasi ya nailoni wakati wa kujenga, unyevu wa ardhini hupanda daima. Katika Pwani yetu yenye masika na vuli, jambo hili si la kupuuza. Kipimo chake ni rahisi: chukua nailoni safi, yenye upana wa kama nusu mita kila upande, ibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne, uiache muda usiopungua saa 16. Ukiifunua ukaona matone chini yake, au zege limekuwa jeusi, usipake. Maji hayo yatatafuta njia ya kutoka, na njia yao ni kuisukuma rangi yako.

Baada ya kukauka, zege lisagwe. Juu ya zege huwa pana utando dhaifu wa saruji. Ukipaka juu ya utando huo, rangi itaushika utando, na utando hautalishika zege. Usagwe kwa mashine mpaka uso ukwaruze kama msasa, mafuta yaondolewe, nyufa zizibwe, na vumbi lifyonzwe lote. Kisha dondosha maji kidogo: yakinywewa upesi, zege liko tayari kupokea, yakisimama kama umande juu ya jani la mgomba, kazi bado. Ukisha kupima hivyo, acha maji hayo yakauke kabisa.

Saa ya kupaka nayo huchaguliwa. Asubuhi zege linapopata joto, hewa iliyomo ndani hupanda na kuacha vitundu katika rangi. Kwa hiyo alasiri, joto linapopungua, ni bora zaidi, ila kazi isivutwe mpaka umande uanze kushuka. Uso wa zege uwe na joto lizidilo kiwango cha umande kwa nyuzi 3 za sentigredi au zaidi. Mchanganyiko usiwe mwingi kuliko unaoweza kutandazwa upesi, kwa kuwa katika joto letu huanza kuganda ndooni kabla ya nusu saa. Kwanza hupakwa rangi ya msingi, kisha tabaka za juu. Na penye maji au mafuta hunyunyizwa mchanga safi kati ya tabaka ili watu wasiteleze. Hukanyagwa kwa miguu baada ya kama siku moja, lakini mizigo mizito na dawa kali zingoje siku 7.

Wala epoksi haifai kila mahali. Ghala lipitalo watu tu latosha tabaka jembamba. Lipitalo foklifti lataka unene wa milimita 2 au 3, pengine zaidi. Juani epoksi hugeuka rangi ya manjano na kutoa unga, hivyo yafaa ifunikwe kwa poliyurethani. Na penye maji ya moto na mvuke, kama machinjioni na majikoni, sakafu ya saruji yenye poliyurethani huvumilia zaidi.

Sasa tumtazame mtu aifanyaye kazi hii. Vumbi la zege lina chembe za silika. Zikivutwa mwaka hata mwaka huharibu mapafu, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio, na aliyeupata hudumu nao maisha, hata akalazimika kuiacha kazi. Kwa hiyo glavu, barakoa, miwani na hewa ya kutosha si anasa. Na asiwepo anawaye mikono kwa tina. Sabuni na maji yatosha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Aliyeugua kwa sababu ya kazi anao pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwenye haki asiyeijua haki yake ni kama asiyekuwa nayo.

Sakafu ikisha kukamilika, itunzwe. Ifagiliwe kila siku, maana mchanga chini ya kiatu ni msasa. Ioshwe kwa sabuni isiyo kali, mafuta yafutwe mara yamwagikapo, na mizigo isiburutwe. Mkwaruzo mdogo uzibwe upesi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wazee wetu wa Kilwa, Lamu na Unguja walipotengeneza sakafu za chokaa, walizipiga kwa magongo siku nyingi mpaka zikashikana. Hawakuwa na resini, lakini walikuwa na subira. Na leo, kibarua aonaye matone chini ya nailoni, kule Misugusugu au popote, aseme bila hofu. Na msimamizi aambiwaye asimame na kusikiliza, hata kama siku ya ufunguzi imekwisha kutangazwa. Mgeni aweza kudanganywa kwa mng'ao wa siku moja. Sakafu haidanganywi.