Anayeangushwa Huitwaje? Maneno ya Kijapani Katika Aikido

Bila shaka umewahi kutazama filamu za Steven Seagal, yule Mmarekani mrefu ambaye adui humjia mbio naye, bila hata kukunja uso, humshika mkono na kumrusha kando. Mchezo ule si karate wala kung fu. Ni aikido, na kabla ya kuingia katika filamu aliufundisha huko huko Japani. Lakini kuna jambo filamu hazitwambii: katika mazoezi, yule anayerushwa ana jina lake, na jina hilo halina maana ya adui wala ya mshinde.

Aikido ilianzishwa na Morihei Ueshiba (1883-1969), na jina lenyewe likaanza kutumika rasmi mwaka wa 1942. Lina vipande vitatu: "ai" ni kupatana, "ki" ni nguvu ya uhai, na "do" ni njia. Kijapani kina "ai" nyingine, inayoandikwa kwa herufi tofauti, ambayo maana yake ni upendo. Ueshiba mwenyewe alipenda kuzihusisha hizo mbili.

Sasa, Mswahili akiyasikia maneno ya aikido mara ya kwanza hatatizwi na matamshi. Hayo kwetu ni mteremko, maana silabi nyingi za Kijapani huishia kwa irabu kama zetu. Mwingereza ndiye hutoka jasho. Kinachotutatiza sisi ni maana. Ati kuna pigo liitwalo "shomen uchi"! Hakuna aliyevua nguo hapo: "shomen" ni mbele, na "uchi" ni pigo, yaani pigo linalotoka juu likielekea kichwani. "Kote gaeshi" nayo haihusu kila mahali, bali ni kukigeuza kifundo cha mkono. Na "katate dori" ni kushika kwa mkono mmoja: "kata" upande mmoja, "te" mkono, "dori" kushika.

Mbona wakati mwingine husemwa "tori"? Ni neno lile lile. Likitanguliwa na jingine, aghalabu "t" hugeuka "d", na "kaeshi" vilevile huwa "gaeshi". Tusiwashangae. Sisi nasi tuna ulimi mmoja lakini ndimi mbili, mti mrefu lakini nyumba ndefu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lakini neno ninalotaka tulikalie kitako ni "uke". Tafadhalini, wa nyuma wasicheke! Hili si la uke wenza. Linatokana na kitenzi "ukeru", kupokea. Katika mazoezi watu huwa wawili wawili. Anayetekeleza mbinu huitwa tori, au nage. Mwenzake hushambulia kwanza kisha huangushwa, na huyo ndiye uke. Baada ya mara chache, mara nyingi nne, hubadilishana. Mitindo mingi ya aikido haina mashindano kabisa, kwa hivyo hakuna wa kutangazwa mshindi.

Hapa ndipo tafsiri mbaya inaweza kumvunja mtu mkono. Mwambie mwanafunzi mgeni kwamba uke ni "anayepigwa", uone atakavyofanya. Ataukaza mkono kama chuma ili asishindwe, tori naye ataukunja kwa nguvu, na kifundo hakina mchezo. Mbinu kama "shiho nage" humwangusha mtu kinyumenyume, na asiyejua kuupokea mwendo ule huweza kujigonga kisogo. Ndiyo sababu "ukemi", ustadi wa kuanguka salama, hufunzwa mapema: kidevu kifuani, mgongo mviringo. Na uke akibanwa hadi maumivu yakamzidi, huupiga mkeka kwa kiganja. Tori lazima aachilie papo hapo, hakuna kungoja.

Kwa maoni yangu, neno letu linalofaa ni mpokezi. Mama akitoka sokoni na kikapu kizito, hukimbii kumpokea? Ukisimama mkavu, kikapu kitakutegua mkono. Ukilegea, viazi chini. Unakipokea kwa magoti na mgongo, ukiufuata uzito unakokwenda. Uke naye hufanya hivyo hivyo. Isitoshe, Wajapani hutumia kitenzi hicho hicho, "ukeru", kwa mtihani: mwanafunzi wa Tokyo hafanyi mtihani, anaupokea. Namna ya kuupokea ni shauri lake.

Mengine tuyapitie haraka. "Dojo", ukumbi wa mazoezi, ni mahali pa njia. "Sensei" ni mwalimu, lakini herufi zake husema aliyezaliwa kabla, na hata daktari huitwa hivyo. "Ikkyo", "nikyo", "sankyo" na "yonkyo" ni fundisho la kwanza hadi la nne tu, basi.

Je, tuyatafsiri yote? Mimi naona hapana. Majina yabaki, ili mtu wa Mombasa na wa Osaka wafanye mazoezi pamoja bila mkalimani. Ila mwalimu ayapasue, mwanafunzi aone kilichomo ndani.

Mazoezi huanza kwa kuinamiana na kusema "onegaishimasu", ambayo ni kama kumwomba mwenzako, "tafadhali, nisaidie." Yakiisha husemwa "domo arigato gozaimashita", asante sana, na hiyo "-mashita" ya mwisho huonyesha kwamba jambo limekwisha kutendeka, kama "-li-" yetu. Husema tori, na uke naye husema.