Bujumbura–Kigoma kwa ndege: dakika 40 zinazokula nusu siku

RUMONGE, Burundi

Mfanyabiashara wa Rumonge akitafuta kwenye intaneti huelezwa kuwa kutoka uwanja wa ndege wa Bujumbura hadi ule wa Kigoma, Tanzania, ni takriban kilomita 177, safari ya dakika 40 hivi. Hesabu hiyo si ya uongo, lakini anayepangia safari au kukadiria gharama kwa kuitegemea ataumia.

Kwanza, kilomita hizo ni za mstari ulionyooka. Vikokotoo vingi hugawa umbali huo kwa kasi ya ndege kubwa, kama kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Ndege ndogo ya kilomita 300 kwa saa hutumia dakika 35 angani kabla ya kuongeza chochote.

Pili, Rumonge iko katikati ya njia. Mstari wa Bujumbura–Kigoma hupita karibu kabisa na mji huo, na kutoka hapo hadi Kigoma imebaki kama kilomita 100 tu. Lakini abiria hulazimika kwanza kupanda kaskazini kilomita 75 kwa barabara hadi Bujumbura, ndipo arudi kusini kwa ndege. Akitoka Rumonge saa 12 asubuhi, akatumia saa 2 barabarani na saa 2 uwanjani, ataruka saa 4 na kutua saa 4:40.

Tatu ni saa zenyewe. Tanzania iko mbele ya Burundi kwa saa 1, na tiketi huandikwa saa za kila uwanja. Hivyo Kigoma itakuwa saa 5:40. Akishamaliza uhamiaji na forodha, ni mchana. Wakati wa kurudi mambo hugeuka: akiruka Kigoma saa 5:00, atatua Bujumbura saa 4:40.

Nne, ulizia kama siku hiyo kuna ndege ya moja kwa moja. Kuunganisha kupitia Dar es Salaam hufanya kilomita 177 kuwa zaidi ya 2,200.

Kwa mzigo, hesabu ni nyingine kabisa. Ndege aina ya Cessna Caravan hubeba tani 1 na kidogo, kwa hiyo mawese na dagaa wa Rumonge ni mali ya lori na boti. Lori hupita Nyanza-Lac, kama kilomita 50, kisha Mabanda na mpaka wa Mugina/Manyovu, halafu barabara ya Manyovu–Mwandiga yenye kilomita 60 kuelekea Kigoma. Boti ya kilomita 12 kwa saa huhitaji zaidi ya saa 8 ziwa likiwa tulivu. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Agosti, upepo mkali wa kusini huikabili usoni.

Kwa hiyo, msafirishaji anayetoza kwa kilomita akubaliane na mteja mapema kuwa zinazohesabiwa ni za barabara, si za angani. Naye mfanyabiashara ahesabu kuanzia mlangoni kwake hadi ghalani kwa mnunuzi, na makubaliano yaandikwe yakitaja saa za nchi gani. Miadi ya saa 5 Kigoma ni saa 4 Rumonge.