Muuzishaji wa magazini: deni ya mteja inamurudilia yeye

Ku Kenya, ku Katuba, ku Ruashi, bantu wanasema kuuzisha mu magazini ni kazi mwepesi: unakaa kivulini, unapokea feza, unatoa sukari. Waulize wenye kuifanya. Mangaribi, mwenye magazini anahesabu vitu na feza. Kama kunapunguka, mara nyingi ni muuzishaji njo anayelipa, ku mushahara wake.

Wakati wa Union Minière haikuwa vile. Mfanyakazi alikuwa anapata posho: bunga, samaki, mafuta. Mtu wa kantini alikuwa anapima na kugawa, jina kwa jina. Kisha 1967 kampuni ikawa ya Serikali, na bunga iliendelea kutoka kwake. Lakini kisha mugodi wa Kamoto kubomoka, mu 1990, kazi ya Gécamines ilianguka, na mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mu 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka kwa «départ volontaire». Bamama wengi ambao walizoea kungojea posho, walianza kuuzisha wao wenyewe: bunga, makala, mafuta.

Toka pale, jamaa ya mchimbaji inakula kwa feza ao kwa deni. Na deni inaandikwa mu kaye ya muuzishaji. Anakupa bunga juu anakujua, anajua batoto wako. Mushahara ukichelewa, mwenye magazini hakuji kukuuliza wewe. Anamwambia muuzishaji: «Wewe ulimupa, wewe lipa.»

Kuko tena mambo ya dola. Bei inasemwa kwa franka, lakini vitu vingi vinanunuliwa kwa dola, na taux inageuka. Noti ya dola yenye kupasuka kidogo tu, hakuna mwenye kuikubali. Muuzishaji akiipokea bila kuangalia, inabakia mu mikono yake.

Na masaa? Code du travail ya 2002 inasema masaa 45 kwa juma. Kufungua saa moja ya asubuhi, kufunga saa mbili ya usiku, siku sita: hayo ni masaa 78.

Sisi wanunuzi tunaweza kufanya nini? Kwanza, deni iandikwe mu kaye mbili, moja ya magazini, moja ya nyumbani, na wote wawili waangalie hesabu pamoja. Pili, ulizeni taux mbele ya kutoa feza, hapana kisha. Tatu, kwa bunga, angalieni meka namna inajazwa, lakini bila matusi. Kama mwenye magazini njo alileta meka mubaya, ni yeye wa kuulizwa.

Na siku ya mushahara, baba, pitia magazini mbele ya kupita ku bar. Ile kaye ikifutwa, mwezi wenye kuja batoto wako watapata tena bunga, na muuzishaji atapata mushahara wake muzima.