Je, Wajua? Yaliyomo Ndani ya Sufuria ya Homu, Kolwezi

Je, wajua kwamba bukari, yaani ugali wa mahindi na muhogo, tunayowasifia wageni kama chakula cha mababu ina asili ya ng'ambo mara mbili? Mahindi yalianzia Mexico, muhogo Brazili. Karanga, nyanya, pilipili na hata matembele navyo vilivuka Atlantiki. Kwenye sufuria ya sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, mwenyeji halisi ni mafuta ya mawese, maana mchikichi ni mti wa Afrika.

Na unga wenyewe? Mwingi unatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Lusaka ikizuia mahindi yasitoke, bei inapanda Kolwezi, mji wetu wa migodi nchini Kongo, na wanafunzi wa homu (bweni) wanazidisha unga wa muhogo kwenye bukari. Haya yanatokea katika jimbo ambalo, pamoja na jirani yake Haut-Katanga, linatoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia nzima.

Je, wajua kwamba mwaka 1982 Kolwezi iliunganishwa na bwawa la Inga kwa njia ya umeme yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, na kwamba kwa miaka mingi hakukuwa na ya aina yake iliyoizidi urefu duniani? Ilijengwa kwa ajili ya migodi. Mwanafunzi wa leo anapuliza mbabula, jiko la makaa. Resho ya umeme anayo, imo chini ya kitanda, lakini umeme ukikatika saa moja jioni bukari inabaki uji. Ndiyo maana mfuko wa makala (makaa) haukosekani nyuma ya mlango.

Je, wajua kwa nini matembele yanaishinda sombe kwenye homu? Si kwa utamu. Jani bichi la muhogo lina sumu ya sayanidi: kulitwanga kunaifungua, kulichemsha muda mrefu bila kifuniko kunaifukuza. Hapo makala ya saa nzima au zaidi yamekwenda! Matembele yanataka kitunguu, nyanya, chumvi, na baada ya muda mfupi mmekula. Hasara ipo, lakini, kwa anayeikosa sombe. Mzizi wa muhogo una protini kidogo mno, ilhali jani lake likikaushwa, protini inaweza kufikia robo ya uzito. Wanaoimudu sombe ni wale wanaochanga pesa watatu wanne na kupika kwa zamu, tena Jumapili. Jumatatu wanaipasha moto. Ya siku ya pili ni tamu zaidi, usibishe.

Ndakala? Dagaa wa Ziwa Tanganyika, wamesafiri kuliko wanafunzi wengi wanaowala.

Je, wajua kwamba kikanda, kile kinachokatwa vipande kama soseji, hakina nyama hata chembe? Ni viazi vya okidi za porini vilivyopikwa na unga wa karanga. Na munkoyo, kinywaji cha mahindi, unapata utamu wake kwenye mizizi ya porini, ambayo inageuza wanga wa uji wa mahindi kuwa sukari.

Je, wajua kwamba kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi posho ya unga, na mrithi wake Gécamines ikaendeleza desturi hiyo? Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji wa shaba ukaanguka, na familia nyingi za Kolwezi zikaanza kununua zilichozoea kupokea. Mtoto aliyekwenda chuo baada ya hapo alikwenda na begi jepesi.

La mwisho ni zito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa watu wazima wanaoishi karibu na migodi ya Katanga, chakula, mboga zikiwemo, ni njia kubwa ya kobalti kuingia mwilini. Vumbi lililoshika juu ya jani linaondoka kwa maji. Madini yaliyonyonywa na mizizi hayaondoki, hata uoshe mara tatu. Kwa hiyo unaponunua fungu la matembele, kabla ya kuanza kupatana bei, muulize mama muuzaji yamelimwa wapi.